Sura ya Tisa: Viatu vya Namba Arobaini na Nne

Daftari la Murdo Beaton, mtunza vifaa wa timu, lilikuwa la shule, la mistari, na jalada lake lilikuwa limelowa mafuta ya mashine kwa misimu mingi hadi likawa gumu kama kwato. Wanda Prystupa alilifungua juu ya benchi la kunolea viatu vya barafu saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa kumi na moja jioni alitakiwa kupeleka uamuzi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa wa neno moja, ndiyo au hapana. Je, Gaétan Labrecque aruhusiwe kucheza kesho?

Labrecque alikuwa beki wa timu ya Korongo wa Saskatoon, umri wa miaka thelathini na sita, misimu kumi na saba katika ligi, na Kombe hajawahi kuligusa. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Juni na hakuna klabu iliyokuwa imempigia simu. Tarehe kumi na nne Januari alibanwa ukutani, goti la kushoto likachanika, akaandikwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Jana klabu ilitangaza kwamba amepona. Mchujo ulikuwa unaanza kesho.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kila timu ya hoki ya barafu ina kikomo cha mishahara, kimoja kwa wote. Mwaka ule kilikuwa dola milioni themanini na nane. Mchezaji akiumia kwa muda mrefu, mshahara wake hutolewa kwenye hesabu, na klabu hupata nafasi ya kusajili wengine. Mchujo ukianza, kikomo hakihesabiwi tena. Kwa hiyo nyota anayeumia Januari na kupona mkesha wa mchujo huifaidisha klabu mara mbili: kwanza kwa kutokuwepo kwake, kisha kwa kurudi kwake. Korongo walikuwa wameitumia nafasi ya Labrecque kumleta mshambuliaji wa kati na kipa. Sasa walimtaka na Labrecque mwenyewe.

Klabu ya Hamilton, iliyopangwa kukutana nao, ililalamika kwa Ligi. Iliambatanisha picha moja. Ilipigwa Februari kupitia uzio wa uwanja wa nje wa mtaa wa Caswell, na ilimwonyesha mtu aliyejifunika uso kwa baridi akiteleza kinyumenyume. Kwenye visigino vya viatu vyake rangi nyeupe ilisomeka wazi: 44. Namba ya Labrecque. Ukingoni mwa picha kulikuwa na kivuli chembamba kirefu, cha mlingoti au cha mti.

Wanda alikuwa amefanya kazi ya upelelezi wa ulaghai polisi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka kumi na mmoja sasa alikuwa mkaguzi wa kikomo cha Ligi. Hakuamini picha. Aliamini madaftari, hasa yale yanayoandikwa na watu wasiotarajia kusomwa.

"Kila kiatu ninachonoa kimo humo," Murdo alisema. Alikuwa mtu wa Cape Breton, mnene, mwenye vumbi la chuma kwenye nyusi. Alimsogezea sahani ya biskuti za shayiri. "Namba, tarehe, mfereji. Baba yangu aliandika hivyo na mimi naandika hivyo."

Wanda aliujua mfereji, lakini alimwacha aeleze, kwa sababu mtu akieleza kazi yake hutoa zaidi ya alichokusudia. Kiatu cha barafu hakinolewi kama kisu cha jikoni. Jiwe huchimba mfereji mwembamba katikati ya chuma, urefu wote, na kuacha kingo mbili, huku na huku. Mfereji wa kina huuma barafu. Mfereji wa juujuu huteleza. Kipimo ni cha mviringo wa jiwe, kwa hiyo namba ikiwa ndogo mfereji huwa wa kina zaidi. Kila mchezaji ana kipimo chake, na wengi hawakibadilishi hadi wanastaafu.

"Labrecque?"

"Tano kwa nane ya inchi. Juujuu. Babu yule ni mzito, akiumwa sana na barafu anajikwaa. Miaka sita yuko kwangu, sijawahi kumnolea kingine."

Wanda aligeuza kurasa. Baada ya tarehe kumi na nne Januari namba 44 ilitoweka, kama ilivyopaswa. Tarehe ishirini na mbili ilirudi. Kisha ishirini na tano. Kisha thelathini. Alihesabu kwa ncha ya kalamu: mara kumi na saba, hadi tarehe kumi na mbili Machi. Daktari wa upasuaji alikuwa amemkataza Labrecque kukanyaga barafu kabla ya tarehe kumi Aprili.

Lakini mara zote kumi na saba Murdo alikuwa ameandika kipimo kingine: tatu kwa nane. Mfereji wa kina.

Alimuuliza ni nani aliyekuwa akivileta.

Murdo alichukua kitambaa akaanza kufuta jiwe lililokuwa safi. "Vilikuwa vinakaa kwenye rafu pale. Mimi nanoa viatu, dada. Siulizi miguu."

"Na hicho kipimo?"

"Karatasi ilikuwa imebandikwa juu: tatu kwa nane. Nikanoa."

Wanda alipiga picha kurasa zote, akakifungia kiatu kimoja cha 44 kwenye mfuko wa ushahidi, kisha akakifungua tena na kupima ukubwa wake. Namba tisa.

*

Labrecque alikuwa kwenye chumba cha tiba, mguu juu ya mto wa barafu. Mkongojo wake wa Januari ulikuwa bado umeegemezwa pembeni na mtu alikuwa ameuvalisha kofia ya sufu. Alimkaribisha Wanda kwa adabu, akamwomba radhi kwa kutosimama, akamwonyesha kovu kabla hajaulizwa.

Kovu lilikuwa la kweli. Wanda alikuwa amezungumza na daktari wa upasuaji kwa nusu saa jana yake, na picha za goti zilisomwa na daktari mwingine asiyejua ni goti la nani. Jeraha halikuwa la uongo. Swali lilikuwa moja tu: je, lilipona mapema, na klabu ikalificha?

"Viatu ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Ulivivaa Februari?"

"Hapana."

"Nani alivivaa?"

"Hilo, mama, ukiulize kiatu."

Wanda alimweleza bila kupaza sauti kwamba kwa jibu hilo angeweza kuandika hapana kabla ya chakula cha mchana. Kanuni ilisema mchezaji anayekataa kujibu huhesabiwa ameficha. Angekaa nje mchujo wote.

Labrecque akasema anaijua kanuni. Akasema pia kwamba kwenye mkahawa wa uwanja leo kuna pai ya beri, na kwamba kipande cha mwisho huisha saa sita, kwa hiyo asikae sana na yeye.

Wanda aliandika: *Hana hofu ya goti. Ana hofu ya jina.*

*

Alipotoka alijaribu kuipima kesi kwa macho ya Hamilton, kama ilivyokuwa desturi yake. Mfereji tofauti haukuwa kinga. Barafu ya nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri, ni ngumu kama kioo. Hata mtu wa tano kwa nane angeweza kutaka kingo za kuuma. Alimpigia simu mtunza uwanja wa Caswell. Yule akamjibu kwamba barafu iliharibika tarehe kumi na tatu Machi, akafunga lango. Kunoa kwa mwisho kulikuwa tarehe kumi na mbili. Hilo nalo lililingana na Labrecque aliyefanya mazoezi kwa siri hadi barafu ikamwishia.

Kwa hiyo hadi saa tano na nusu, kila alichokuwa nacho kilimhukumu beki yule. Alibakiwa na mlango mmoja wa kubisha, ghorofa ya tatu, wa mtu aliyeipanga nafasi yenyewe.

Cornelius Penner hakuwahi kucheza hoki. Alikulia kwenye shamba la ngano karibu na Rosthern, akasoma hisabati, na kwa miaka minane alikuwa na kazi moja: kuhakikisha Korongo wanabaki chini ya kikomo. Alifungua mlango, akasogea kando. Wageni wake walikuwa na kawaida ya kutazama ukuta kwanza.

Ukuta wote wa kaskazini ulikuwa msimu. Siku mia moja themanini na sita, kutoka kushoto hadi kulia, kila siku upana wa kidole. Kila mchezaji alikuwa na uzi wake wa rangi, uliopita kutoka pini hadi pini, mnene kwa mshahara mkubwa, mwembamba kwa mdogo. Nyuzi zilianza Oktoba, zikiwa ishirini na tatu. Uzi mwekundu wa Labrecque, mnene kuliko wote, ulishuka tarehe kumi na nne Januari na kuacha pengo. Na pale pengo lilipoanza, nyuzi nyingine zilianza kujipinda kulielekea, taratibu, wiki baada ya wiki, hadi Machi ambapo nyuzi mbili mpya ziliingia na kulijaza. Hakuna uzi uliovuka mstari mweusi wa juu. Hakuna mahali palipobaki na nafasi ya kupitisha ukucha.

Wanda alikuwa ameona kurasa za kila timu katika ligi. Hakuwahi kuiona timu. Alisimama mbele ya ukuta ule na mkoba wake mkononi, na alipoangalia saa dakika tisa zilikuwa zimepita.

"Mmebakiwa na kiasi gani?" aliuliza.

"Dola mia tatu na kumi na mbili."

"Kati ya milioni themanini na nane."

"Nililenga mia tatu," Penner alisema. "Siku moja ya Novemba ilinikosea." Aliuangalia ukuta kama mkulima anavyoangalia mstari wa jembe. "Mimi sijengi timu, mama. Kocha ndiye anajenga. Mimi napakia mtumbwi. Kila mtu apande, maji yasiingie."

Chini kabisa, karibu na sakafu, kulikuwa na uzi wa kijani mwembamba kuliko wote. Haukunyooka. Ulishuka na kupanda, ukashuka na kupanda, kama meno ya msumeno.

Penner alimweleza bila kuficha, kwa kuwa hakukuwa na la kuficha, kanuni iliruhusu. Uzi ule ulikuwa wa Clayton Wapachee, beki wa miaka ishirini na minne kutoka Nemaska, mwenye mshahara wa chini kabisa wa ligi. Mshahara huhesabiwa kwa siku. Siku zisizo na mechi, Penner alimshusha kwa timu ndogo ya Yorkton. Siku ya mechi akampandisha. Kila siku iliyookolewa iliacha dola elfu nne na ushei juu ya ukuta. Siku thelathini na nane kwa jumla. Bila hizo, mshambuliaji mpya asingeingia.

"Alikwenda Yorkton mara hizo zote?"

"Kwa karatasi. Mwenyewe alikuwa hotelini, mtaa wa pili hapo. Mkoba wake ndio ulikwenda. Ligi inataka sahihi ya Yorkton kwamba wamepokea vifaa vya mchezaji, basi Murdo anaupakia kwenye gari la vifurushi, unalala huko, unarudi." Penner alikohoa kidogo. "Wenzake wanasema mkoba wa Clayton umeona Saskatchewan kuliko Clayton."

Wanda aliomba kigoda. Alikaa chini karibu na sakafu, akaweka simu yenye picha za daftari la Murdo kwenye goti moja, akaanza kusoma meno ya msumeno, pini baada ya pini.

Januari ishirini na mbili: ameshushwa, kunoa. Ishirini na tano: ameshushwa, kunoa. Thelathini. Februari tatu. Februari ishirini na nne timu ilipumzika lakini Wapachee hakushushwa. Daftari lilikuwa tupu. Tarehe zote kumi na saba za kunoa zilikuwa siku za kushushwa, bila kukosa hata moja. Kushushwa kulikuwa mara ishirini na mbili. Tano za ziada alizitafuta moja moja. Moja ilikuwa kabla ya kunoa kwa kwanza, na tatu baada ya tarehe kumi na mbili Machi, barafu ya Caswell ikiwa imekwisha. Ya tano ilikuwa Februari nane, nayo alishindwa kuieleza.

Akatafuta namba ya Wapachee kwenye daftari: 71. Kipimo, kuanzia Oktoba: tatu kwa nane.

Mtu mmoja aliandika kwenye ukuta kwa uzi, mwingine kwenye karatasi kwa mikono ya mafuta, na hakuna aliyemsoma mwenzake. Wanda aliandika kwenye karatasi yake 71 kando ya 44.

"Kuna kosa?" Penner aliuliza.

"Hapana," Wanda alisema. "Hakuna kosa popote."

*

Alipiga simu mbili. Yorkton walimtumia sahihi ishirini na mbili za kupokea mkoba, kila moja ikitaja jozi moja ya viatu, namba tisa. Kwa Hamilton aliomba picha ile nzima, kabla haijakatwa. Walisitasita. Aliwakumbusha kanuni ya ushahidi uliopunguzwa, na saa nane picha ikafika.

Kivuli chembamba hakikuwa cha mlingoti. Kilikuwa cha mkongojo. Upande uliokatwa alisimama mtu mpana, buti za manyoya miguuni, chupa ya chai kwapani, mkongojo mmoja chini ya mkono wa kushoto. Mkono mwingine alikuwa ameunyoosha, anaelekeza.

Wanda alimkuta Clayton Wapachee mkahawani, anakula pai aliyojiwekea tangu saa sita. Alikuwa mwembamba, na alikaa kama watu wanaokaa vituoni, koti mwilini. Wanda aliweka picha mezani. Alimwambia kwamba hana wajibu wa kusema chochote, kwa sababu malalamiko hayakumtaja.

Wapachee aliitazama picha, akamaliza tonge, akafuta mdomo.

"Ni mimi. Yule mwenye mkongojo ni babu Labrecque."

Aliyasimulia kwa ufupi. Mara ya kwanza kushushwa alikaa hotelini anatazama dari, viatu vyake viko Yorkton. Siku ya mechi miguu ikawa mizito. Labrecque, ambaye alikuwa hajaanza hata kupanda ngazi, alimpigia simu akamuuliza anavaa kiatu namba gani. Kuanzia hapo walikuwa wanakutana Caswell saa nne asubuhi. Beki mkongwe alisimama kwenye theluji na kumfundisha kitu kimoja tu: kurudi nyuma bila kukitazama kile kisahani cha mpira kinachochezewa, macho kwenye kifua cha adui.

"Februari nane hamkwenda," Wanda alisema.

Wapachee aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa baridi ya hasi arobaini na tatu. Babu akasema nikifa pale, Penner atalazimika kupanga ukuta upya."

Wanda aliandika hilo neno kwa neno. Kisha akamuuliza kwa nini Labrecque hakulisema mwenyewe.

"Anafikiri mtaniadhibu. Mtu aliyeshushwa haruhusiwi kufanya mazoezi na klabu kubwa."

Kanuni ilikataza haya tu: uwanja wa klabu, au mwalimu wa klabu. Caswell ulikuwa uwanja wa mji. Majeruhi si mwalimu. Wanda alikuwa ameshaipitia mara tatu ili awe na hakika.

Kulikuwa na jambo jingine, na alimweleza kwa sababu ilikuwa haki yake kulijua. Mabeki wanaovaa siku ya mechi ni sita. Labrecque akirudi, mmoja anatoka, na Yorkton nao wanaanza mchujo wao kesho, wanahitaji beki. Ushahidi wake ndio ungemrudisha Labrecque.

"Ulilijua hilo kabla hujafungua mdomo?"

"Mama, nimeshushwa mara ishirini na mbili," Wapachee alisema. "Ya ishirini na tatu naijua kwa harufu." Alisogeza sahani kando. "Yeye ana huu mchujo tu. Mimi nina miaka ishirini na minne. Na sasa najua kurudi nyuma."

*

Saa kumi na nusu Wanda alituma uamuzi. *Jeraha la kweli. Hakuna kuficha. Labrecque acheze.* Chini yake aliongeza mstari mmoja wa onyo kwa mtunza vifaa Murdo Beaton, kwa kumnolea viatu mchezaji asiyekuwa kwenye orodha, mara kumi na saba. Murdo alilisoma lile onyo mara mbili, akauliza kama anaweza kupata nakala yenye muhuri, ya kutundika.

Kisha akachukua viatu vya namba arobaini na nne akavibana kwenye mashine. Jiwe lilizunguka. Wanda alikuwa ameshachukua vipimo na picha, hakuwa na sababu ya kubaki, lakini alibaki. Murdo alipitisha chuma mara moja, cheche zikaruka, mara ya pili, ya tatu. Mfereji wa kina, uliochimbwa kwa siku kumi na saba za baridi kali, ulikuwa unapungua kwa upana wa unywele kila jiwe lilipopita. Ilichukua mara kumi na mbili.

Wakati wa mara ya mwisho Wapachee aliingia kuchukua mkoba wake. Ulikuwa umefungwa karibu na mlango, na karatasi ya Yorkton juu yake, kama siku zote. Labrecque alikuwa nyuma yake, anachechemea kidogo. Aliinama akaunyakua mkoba yeye, akautia begani.

"Weka chini, babu," Wapachee alisema. "Utaumia upya, na huyu mama hajaondoka."

"Gari liko wapi?"

"Mlango wa nyuma. Leo naenda nao."

Wakatoka. Wanda alisikia hatua zao kwenye sakafu ya mpira, mmoja mzito mmoja mwepesi, hadi mlango wa nyuma ukafungwa.

Murdo alizima mashine. Alipuliza vumbi la chuma, akapitisha ukucha kwenye kingo, akaridhika. Akafungua daftari lake, akalowesha kalamu ya risasi ulimini, akaandika tarehe, akaandika 44, akaandika tano kwa nane. Kisha, kwa mara ya kwanza katika daftari lile lote, aliongeza neno baada ya kipimo.

Wanda aliinama kulisoma. *Mwenyewe.*